Kichupa Chenye Jina la Baba

Pale maabara walimwita Bi Sheria, naye hakuona vibaya. Alikuwa mtu wa kurudisha vichupa. Muuguzi angeshuka kutoka ghorofa ya tatu, jasho linamtiririka, trei ya damu mkononi, na Bi Sheria angekiinua kichupa kimoja kwenye mwanga, akakisoma, akakirudisha. "Hiki hakina saa." "Hiki jina limeandikwa kwa penseli." "Na hiki, dada yangu, hebu niambie ukweli: uliandika jina kabla ya kutoa damu au baada?" Muuguzi akishikwa na kigugumizi, basi, ngazi zote zile upya. Walimsengenya kwenye hizo hizo ngazi, wakasema mwanamke yule angeweza kumdai malaika kitambulisho. Yeye alicheka tu. Alikuwa na sheria moja aliyoishika kuliko zote, na wanafunzi waliokuja kufanya mazoezi ya kazi waliiimba kabla hajafungua kinywa: damu kwanza, jina baadaye. Kichupa kitupu ukishakiandika jina, aliwaeleza, unaweza kukitia damu ya mtu yeyote na hakuna atakayejua.

Sasa mtu huyo huyo, kwa mkono wake mwenyewe, Jumatano moja asubuhi, aliandika jina la baba yake kwenye kichupa kitupu, juu ya meza ya jikoni kwake, kikombe cha chai pembeni. Mtu akikuambia mapenzi hayamtoi mtu akili, mlete kwangu nimsimulie haya.

Baba yake alikuwa mpiga tarumbeta. Miaka arobaini alipuliza kwenye harusi, mahafali na mazishi, na hata baada ya kustaafu na kufiwa na mkewe, akahamia kwa binti yake, tarumbeta ililala kitandani upande wa ukutani na yeye akalala upande wa nje. Siku za Jumamosi alifundisha bendi ya chuo cha ualimu. Huko ndiko kifua kilikoanza kumbana, akipanda ngazi za jukwaa. Picha za moyo zilionyesha mshipa mmoja umeziba karibu wote. Daktari wa moyo, mama mmoja mrefu asiyependa maneno mengi, alisema dawa peke yake haitoshi. Ataingiza mrija kupitia mkononi, auzibue mshipa na kuweka stenti, kile kibomba cha wavu wa chuma kinachoushikilia mshipa usijifunge tena. Si jambo la dharura, alisema, lakini lisicheleweshwe. Yeye mwenyewe alikuwa daktari mgeni, anakuja wiki tano kisha anaondoka kwa nusu mwaka.

Kipimo cha kwanza kiliharibu mipango yote. Kinaitwa CRP, na Bi Sheria ndiye aliyekiendesha. Sabini na nne. Mtu mzima mwenye afya hafiki tano.

Jioni ile aliwaeleza mezani, baba yake upande huu, mumewe upande ule, watoto wamekwisha kula na kutawanyika. Mumewe alikuwa muuguzi wa zahanati ya mtaani, kwa hiyo habari hizi hazikuwa ngeni kwake, lakini alisikiliza kama mgeni.

"Mwilini mkiwa na moto," alisema Bi Sheria, "yaani maambukizi au uvimbe wa ndani, ini linamwaga protini fulani kwenye damu. Sisi tunaipima ile protini. Hatujui moto uko wapi, ila tunajua upo. Na damu yenye moto inaganda upesi. Ukimwekea mtu stenti kwenye damu ya namna hiyo, inaweza kuziba siku ya pili tu. Figo nazo zinaweza kugoma. Ndiyo maana daktari amekataa."

"Na hicho kipimo kikishuka?" aliuliza baba yake.

"Kikishuka chini ya tano, unaingia."

"Basi kitashuka."

"Baba, hakishuki kwa kuombwa. Daktari anataka kujua moto unatoka wapi. Kuna mahali panauma? Meno? Mkojo? Kidonda popote?"

"Mwanangu, mimi naumwa uzee tu. Huo nao mna kipimo chake?"

Walicheka wote watatu. Mzee alichovya mkate kwenye chai, akautafuna kwa upande mmoja wa mdomo, na binti yake, ambaye angeona herufi iliyokosekana kwenye kichupa umbali wa hatua tano, hakuliona hilo.

Wiki mbili zikapita. Kipimo cha pili kilipangwa Jumatano. Kwa kuwa mzee alikuwa akihema kwa kutembea hadi kituo cha basi tu, maabara ilimruhusu Bi Sheria atoe damu nyumbani na kuja nayo. Alileta kila kitu usiku wa kuamkia siku hiyo: sindano, pamba, mpira wa kufungia mkono, na kichupa cha kifuniko cha zambarau. Saa kumi na mbili asubuhi simu ikalia. Mashine kubwa imegoma, wodi tatu zinasubiri majibu, aje mbio.

"Niachie mimi," alisema mumewe. "Kwani leo ndiyo nitajifunza kutoa damu? Mzee bado amelala. Akiamka namtoa damu, nakupitishia kabla sijaenda kazini."

"Mwandiko wako sasa."

Mwandiko wa mumewe ulikuwa kichekesho cha nyumba nzima. Hata orodha ya sokoni aliyoiandika mwenyewe ilimshinda kuisoma. Bi Sheria aliwaza jinsi kichupa cha baba yake kitakavyofika dirishani na mikwaruzo ya kuku, na jinsi atakavyolazimika kukirudisha kama vya watu wengine. Akachukua kalamu. Akaandika jina la baba, mwaka wa kuzaliwa, namba ya faili, tarehe, saa moja kamili. Akakisimamisha kichupa kwenye glasi, akambusu mumewe utosini, akatoka mbio.

Saa mbili kasoro damu ilikuwa dirishani, ya moto bado. Mashine ilikuwa imekwisha kutengenezwa; ikasema mbili.

Aliipitisha tena, si kwa shaka bali kwa raha. Mbili. Alipiga simu nyumbani kutoka kwenye korido na sauti ikamkatika katikati ya sentensi. Jioni alirudi na keki ya dukani, kitu ambacho hakuwahi kukifanya siku ya kazi. Mumewe alimpigia makofi mlangoni. "Hongera, Mama Watoto! Hongera, mwenye maabara yako!" Baba yake alichukua tarumbeta, akapuliza sauti moja ndefu, akaishusha ghafla na kujifuta mdomo. Alisema pumzi haitoshi. Wanaume wale wawili walitazamana, naye akadhani ni furaha.

Wakati wa kukata keki aliona plasta ndogo kwenye mkono wa mumewe, pale kiwiko kinapokunjikia.

"Umefanya nini hapo?"

"Waya wa uzio wa zahanati. Si kitu."

"Pole, jamani," alisema, na akampa kipande kikubwa.

Jumanne iliyofuata daktari aliweka stenti. Ilichukua muda mfupi kuliko walivyotarajia na mzee alitoka akitaniana na wauguzi. Alhamisi asubuhi, saa tatu, kifua kilimkamata akiwa anakunywa maji. Stenti ilikuwa imeziba. Walimrudisha mbio, wakaizibua, wakampeleka chumba cha wagonjwa mahututi. Saa tano homa ilikuwa imepanda hadi anatetemeka kitanda kizima, na CRP mpya ikasoma mia moja sitini na moja.

Hapo daktari wa moyo alishuka mwenyewe maabara. Watu waliacha walichokuwa wanafanya, maana madaktari wa juu hawashuki, wanapiga simu.

"Dada, nakuuliza bila kukuvunjia heshima," alisema. "Ile mbili ya wiki iliyopita. Una uhakika nayo?"

"Ninao, daktari. Niliipitisha mara mbili."

"Sawa. Basi moto huu tumeuingiza sisi. Labda mrija, labda chumba. Nimekifunga chumba tangu asubuhi, wagonjwa wanne nimewarudisha, wanakisugua. Nampa mzee dawa kwa kubahatisha, kwa sababu sijui natafuta mdudu gani wala kajificha wapi. Kama ungeniambia moto ulikuwapo kabla, ningetafuta mwilini mwake. Lakini mbili ni mbili."

Alipoondoka Bi Sheria alikwenda kwenye friji. Vichupa vilivyokwisha kupimwa hukaa humo siku kumi kabla ya kuchomwa. Cha baba yake kilikuwapo, safu ya tatu. Alikipitisha mashineni mara ya tatu: mbili. Akapitisha sampuli ya majaribio ambayo jibu lake linajulikana: sahihi. Mashine haikuwa na kosa. Alikishika kichupa mkononi, baridi, akatafuta kosa mahali pengine, na palikuwa pamebaki mahali pamoja tu. Aliusoma mwandiko kwenye karatasi ya kichupa. Ulikuwa mzuri, umenyooka, wa mtu aliyekaa mezani kwa utulivu. Ulikuwa wake.



Alichukua kigae cheupe cha kupimia makundi ya damu. Akadondosha matone matatu ya damu ile, na juu ya kila tone akatia tone la dawa yake: ya kundi A, ya kundi B, na ya tatu ya kuonyesha chanya au hasi. Kazi hii aliifanya maelfu ya mara, na mkono ulitikisa kigae wenyewe bila kuuliza. Baba yake ni O chanya, imeandikwa kwenye faili lake tangu picha za kwanza. Damu ya O chanya ingeganda vipande kwenye tone la tatu peke yake. Hii iliganda kwenye la pili. Tone la kwanza lilibaki laini, la tatu likabaki laini. Alirudia. Ikaganda pale pale.

B hasi. Katika watu mia hukuti hata wawili. Hospitali nzima ilikuwa na orodha fupi ya watu wa kuwapigia simu damu hiyo inapohitajika, na jina la nne kwenye orodha ni la mtu anayelala naye kitanda kimoja. Walikuwa wakimtania nyumbani. "Damu ya kifalme," watoto walisema, na yeye anavimba kichwa.

Nataka kusema alilia, lakini hakulia. Alivua glavu, akanawa mikono hadi kwenye viwiko, akapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu.

Mumewe alikuwa kwenye benchi nje ya chumba cha mahututi, chupa ya chai miguuni. Alipomwona alisogea kumpisha. Bi Sheria hakukaa.

"Kunja mkono wa shati, Baba Watoto."

"Nini?"

"Wa kushoto. Kunja."

Hakukunja. Aliutazama mkono wake kama ni wa mtu mwingine, kisha akatazama mlango wa chumba, kisha sakafu.

"Mzee alinililia," alisema mwishowe. "Kweli kweli, machozi. Ni jino. Lile la mbele, la juu, linakaa usaha tangu mwezi wa tatu. Alijua mkiliona mtaling'oa, na mpiga tarumbeta bila jino lile hana mdomo wa kupulizia. Akaniambia, mkwe wangu, moyo nitauacha uende wenyewe, lakini jino sitoi. Kisha daktari angeondoka miezi sita, na wewe ukasema kipimo kisiposhuka hakuna stenti... Nilimpa vidonge vya zahanati siku tisa. Homa hakuwa nayo. Nilijua imeshatulia."

"Ulijua."

"Nilijua, naapa."

"Kama ulijua imetulia, kwa nini hukutoa damu yake?"

Benchi lilikwaruza sakafu alipojisogeza.

"Mimi ndiye niliyewafundisha," alisema Bi Sheria. "Mezani pangu. Kikishuka chini ya tano unaingia. Nilidhani naongea na watu wangu. Kumbe nilikuwa nawapa funguo."

"Punguza sauti."

"Ulinipigia makofi. Nimerudi na keki, nachekelea damu yako, na wewe unaniambia hongera. Plasta nimeiona, nikakupa pole! Hivi ulikuwa unaniona mimi nani siku ile?"

Aliumia hapo kuliko mahali pengine popote. Udanganyifu wa asubuhi angeweza kujaribu kuuelewa: mzee analia, mkwe ana huruma, sindano iko mezani, na kichupa, Mungu amsamehe, kimekwisha kuandikwa. Lakini makofi ya jioni hayakumsaidia mzee kitu. Yalikuwa ya kumchezea shere tu, na watu wawili aliowapenda kuliko wote walikuwa wameketi wakimwangalia akila keki.

Mumewe alisimama, akamsogelea, akaongea kwa sauti ya chini ile anayoitumia kwa wagonjwa.

"Sikiliza, Mama Watoto. Jino tuliseme, sawa. Sema Mzee amelikumbuka leo, daktari atalitibu, yataisha. Ila ya kichupa yaache. Ukiyasema mimi kazi sina. Na wewe je? Mwandiko kwenye kichupa si wangu."

Alimtazama. Miaka kumi na minne, na hakuwahi kumsikia akipanga maneno vizuri namna ile. Alijua kuwa ameyapanga tangu asubuhi, hapo hapo kwenye benchi, wakati baba yake anazibuliwa mshipa mara ya pili.

Na kusema kweli, alilipima lile pendekezo. Msidhani alikuwa chuma. Jino likijulikana, baba anapata dawa yake. Kazi yake inabaki, ya mumewe inabaki, watoto hawajui kitu. Lakini ile mbili nayo ingebaki kwenye faili, ikisema moto haukuwapo, na daktari angeendelea kusugua chumba kisicho na kosa, na wagonjwa wanne wangeendelea kukaa majumbani na mishipa yao iliyoziba kwa ajili ya damu ya mtu mzima mwenye afya aliyekunja mkono jikoni. Jibu baya limetoka maabara kwake, na yeye ndiye aliyelitoa.

Aligeuka akaenda kwa daktari. Mumewe alimwita mara moja, kwa jina lake la ujana ambalo hakuwa amelitumia miaka mingi. Hakugeuka.

Daktari alimsikiliza akiwa amesimama, kalamu mkononi. Bi Sheria alisema yote kwa mpangilio: simu ya asubuhi, kichupa, mwandiko, kigae, kundi la damu, jino. Hakusema "samahani" hadi mwisho, maana alijua akianza nayo hatamaliza.

"Nani aliandika jina kabla?" aliuliza daktari.

"Mimi."

"Wewe?"

"Mimi, daktari."

Daktari alifumba macho kidogo. Kisha alinyanyua simu, akamwita daktari wa meno, akabadilisha dawa, akaagiza chumba kifunguliwe na wale wanne waitwe.

"Angalau sasa najua pa kuuzimia moto," alisema. "Itabidi niandike taarifa. Unaelewa."

"Andika."

"Na nahitaji damu yake nyingine, sasa hivi, ya kuotesha vijidudu na ya vipimo vyote upya. Nimwite nani atoe?"

"Naitoa mimi. Nitume na muuguzi mmoja asimame aone."

Baba yake alikuwa macho. Homa ilikuwa imemnyonya mashavu, na mdomo wa juu, sasa ukijua pa kutazama, ulikuwa umevimba waziwazi. Alimwona binti yake na trei, akamwona muuguzi nyuma yake, akaelewa.

"Usimtaje mwenzio, mwanangu. Mimi ndiye niliyemwomba."

"Nimeshamtaja."

"Na mimi?"

"Na wewe. Na mimi mwenyewe. Nyoosha mkono, Baba."

Alinyoosha. Bi Sheria alifunga mpira, akapapasa mshipa, akaingiza sindano kwa wororo ule ule anaoutumia kwa kila mtu. Damu ilipanda nyeusi kwenye vichupa vitupu visivyo na neno hata moja.

"Daktari wa meno anakuja saa tisa," alisema akibonyeza pamba. "Leo anatoa usaha. Ukipata nguvu jino litang'olewa."

Mzee aligeuzia uso ukutani. Machozi yakamshuka, na hayakuwa ya moyo. "Basi umeniua," alisema.

"Uliniacha nikuue, Baba. Jumanne ile. Nikaenda kazini naimba."

Alivigeuza vichupa polepole, kimoja kimoja, akavipanga kwenye trei, akachukua kalamu.

"Jina lako kamili."

Mzee aligeuka. Alimtazama binti yake, akatazama muuguzi, akajaribu kutabasamu na ule mdomo uliovimba. "Mwanangu. Mimi si baba yako?"

"Jina lako kamili na mwaka wa kuzaliwa."

Mzee alilitaja, jina lote hadi la babu, na mwaka, kwa sauti ya mtu aliyesimama kwenye dirisha la ofisi asikojulikana. Bi Sheria aliandika herufi moja baada ya nyingine. Alipomaliza aliuinua mkono wa baba yake, akaugeuzia mwanga, akalilinganisha jina alilotajiwa na lile lililoandikwa kwenye mkanda wa hospitali.